Macho Sita

Jameni, mtu akikuambia amezoea mambo ya dunia hii, mwambie bado hajaona jeneza likirudi. Mimi nimeliona. Nilikuwa ndani ya hiyo gari, nimekalia tairi la akiba, magoti yangu yakigusa mbao. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka, na ni mimi Nanzala, mama yake Nasike, mwanamke ambaye mtaa mzima wa Huruma unajua hashtuki ovyo.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ule mwaka wa mahindi ya manjano, wakati hata sisi wa Eldoret, watu tuliozoea magunia, tulipanga foleni ya unga. Jirani yetu Obiero akafa kwa ugonjwa wa kifua. Mkewe Leonida hakuwa na ndugu mjini, wote walikuwa nyumbani Yala, kwa hivyo kazi ya kumsafirisha marehemu ikawa ya kanisa. Na kanisa letu lilikuwa nini wakati huo? Mabati machache, benchi kumi, na Mwalimu Jeconia.

Huyu Jeconia ndiye mwenye habari hii, acha nimweleze. Siku za kazi alikuwa fundi wa saa. Alikaa kwenye veranda ya duka la Mhindi mjini, amebandika kile kikombe kidogo cha kioo kwenye jicho la kulia, anachokora vyuma ambavyo mimi na wewe tungedhani ni vumbi. Jumapili alikuwa mwalimu wa kanisa: anasoma, anahubiri, anazika. Na kuomba! Jeconia akianza kuomba, weka maharagwe jikoni, utakuta yameiva. Nilikuwa namtania, "Mwalimu, leo ni fupi ama tubebe chakula?" Naye anajibu, "Mama Nasike, nasukuru Mungu hana haraka." Tulicheka hiyo "nasukuru" yake, ingawa mimi Mbukusu ambaye baba yangu hutoka kinywani akiwa "papa" sikuwa na haki ya kucheka mtu.

Mwaka huo wakubwa wa kanisa walikuwa wamekubali kumfanya mwinjilisti kamili. Desemba angevikwa kanzu mbele ya watu. Kanzu ilishashonwa, nyeupe, imekunjwa ndani ya karatasi nyumbani kwake, na mke wa mchungaji alisema inamtosha kama ngozi.

Siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, tukaenda kumchukua Obiero. Leonida alibaki ndani ya pikapu, amejifunga leso tumboni, miguu imekataa. Tukaingia watatu katika chumba cha maiti: Jeconia, mimi, na Wanyoike mwenye pikapu. Chini kwa simiti kulikuwa na majeneza mawili, fundi mmoja, rangi moja. Mhudumu, mtu wa viatu vya mpira, akavuta shuka kidogo kwenye lile la kushoto akasema, "Angalieni, mniambie kama ni yeye."

Sasa hapo ndipo. Jeconia hakuangalia. Alisimama wima, akainua mkono, macho yake yakiwa juu ukutani, akasema, "Kabla ya yote, tufumbe macho tuombe."

Tukafumba. Na sitakudanganya, sijawahi kufumba macho kwa furaha namna ile. Tangu utoto naogopa maiti kama nini. Jeconia akashukuru kwa maisha ya marehemu, akamwombea mjane, akaombea madaktari, akaombea serikali na viongozi wake, akaombea mvua. Nilimsikia mhudumu akikohoa. Nikasikia mbao zikigongana. Tuliposema amina na kufungua macho, kifuniko kilikuwa juu na mhudumu anakaza skrubu, maana nje kulikuwa na watu wengine wanangoja.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye," Jeconia akasema, akatia sahihi kwenye kitabu.

Watu watatu, macho sita, na hakuna hata moja lililotazama. Tulipotoka nje Leonida alimwuliza Jeconia kama mume wake amelala vizuri. Akamjibu, "Nimemwona, Mama. Amelala vizuri."

Tukashuka kupitia Kapsabet na Chavakali, tukafika Yala saa saba mchana. Boma lilikuwa limejaa. Wanawake walitupokea barabarani kwa kilio, vijana wakabeba jeneza, wakaliweka mbele ya nyumba chini ya turubai. Mzee Ondiek, kaka mkubwa wa marehemu, akaamuru lifunguliwe, kwa sababu kwao mtu hulazwa wazi watu wake wamuage. Skrubu zikatolewa. Mzee akainama. Akakaa hapo ameinama, muda mrefu, mpaka nikadhani anaomba.

Akainuka. Akasema kwa Kijaluo, polepole, "Ma en ng'a?"

Maana yake: Huyu ni nani?

Woi! Nilisukuma watu nikafika mbele. Nakuambia masikio! Masikio ya yule mtu yalikuwa yametobolewa, nyama yake ya chini imening'inia karibu na bega, vile wazee wa Kikalenjin wa zamani walikuwa wakifanya. Mzee wa watu, uso mtulivu kabisa, hajui amefikishwa wapi. Obiero alikuwa na masikio madogo kama ya mtoto, na meno sita ya chini alikuwa ameng'olewa, kama wazee wa Kijaluo wa rika lake. Yule pale alikuwa na meno yake.

Kilio kilikatika mara moja. Wanawake mia, kimya. Katika kimya hicho mtu mmoja akacheka, na Mungu anisamehe, alikuwa ni mimi. Sikuwa nimeona la kuchekesha. Kicheko kilitoka tu chenyewe, nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

Leonida alikuja, akatazama ndani, akamgeukia Jeconia. Hakupiga kelele. "Mwalimu," akasema, "uliniambia umemwona."

Nilingoja Jeconia aombe. Haki ya Mungu, nilingoja. Yule mtu wa maneno mengi alikuwa mkavu.

"Ni nani alisema huyu ni ndugu yangu?" Mzee Ondiek akauliza.

"Ni mimi," Jeconia akasema.

"Peke yako?"

Mimi nikatazama chini. Wanyoike akaenda kukagua gurudumu lake. Jeconia hakutugeukia hata kidogo. "Ni mimi, Mzee."

Vijana walimtaka. Mmoja alishang'oa ufito kwenye ua. Mzee Ondiek akawazuia kwa mkono, akasema, "Mkimpiga, nani ataniletea Obiero? Wewe, rudisha mtu wa watu. Kama ndugu yangu yuko ndani ya kaburi la wengine, usirudi hapa." Leonida akapanda mbele ya pikapu bila kuambiwa. Alisema hawezi kukaa kuangalia kaburi tupu.

Kwa hivyo sasa unajua kilichokuwa mbele yetu. Mahali fulani, watu fulani walikuwa wamembeba Obiero, na kama wao pia hawakutazama, watamfukia. Na Jeconia, ambaye neno lake lilikuwa likitosha kwa watu wote, alikuwa amesema "nimemwona" kwa mjane, na halikuwa kweli. Mtu wa namna hiyo atasimama tena wapi, aseme nini, aaminiwe na nani?

Chavakali kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari ni yule yule wa asubuhi. "Mlishuka na maiti, sasa mnapanda na maiti," akasema. "Hii ni ya pili?"

"Ni ile ile," Wanyoike akajibu.

Askari akavua kofia yake. "Maiti hairudi," akasema, na alituangalia kama watu waliolaaniwa. Akatuondolea kizuizi haraka, hakutaka hata kuona karatasi.

Tulifika Eldoret jua likizama. Mhudumu alishafunga na kuondoka na ufunguo. Askari wa geti ndiye aliyetusomea kitabu chake: majeneza mawili yalitoka siku hiyo, letu na la Mzee Kipkemboi, lililokwenda kijiji cha Ziwa saa sita. Maziko kesho, saa nne asubuhi. Leonida alichukuliwa na akina mama wa kanisa. Jeconia akaniambia, "Nenda ukapumzike, Mama Nasike." Sikuambiwa mara mbili.

Asubuhi nikarudi, baridi ya Eldoret unaijua, nyasi nyeupe kwa umande. Nikamkuta Jeconia nyuma ya pikapu, ameketi ameegemea jeneza. Koti lake halikuwa mwilini. Lilikuwa limetandazwa juu ya kifuniko.

"Mwalimu! Umelala hapa?" Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Yala.

"Huyu mzee hangeweza kulala peke yake kwa sababu yangu," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama Nasike, mimi huogopa maiti. Tangu nianze kuzika watu sijawahi kutazama hata mmoja. Kila mara naomba mpaka wafunike. Jana yale hayakuwa maombi. Nilichukua jina la Mungu nikajifunika uso nalo kama shuka."

Nilipaswa kusema, hata mimi. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikasema, "Twende, tutachelewa."

Leonida akapanda mbele na Wanyoike. Ziwa si mbali, lakini siku hiyo barabara ilikuwa ndefu. Tulipofika kwa Mzee Kipkemboi watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, kaburi limechimbwa, jeneza liko kando yake juu ya mbao mbili, halijafunguliwa. Kwao maiti haichezewi, ikishafungwa imefungwa. Jeconia akashuka. Alitembea kati ya watu wote wale bila kofia na bila koti, akasimama mbele ya kijana mkubwa wa marehemu, Johnstone, mtu wa ng'ombe wa maziwa, mwenye mwili kama mlango.

"Ndugu yangu," akasema, "aliye hapa si baba yako. Baba yako ninaye kwa gari. Kosa ni langu."

Johnstone alimwangalia kama mtu anayesikia kichaa. "Mimi nimemzaa huyu mzee ama amenizaa?" akasema kwa hasira. "Unakuja kunichezea siku ya kuzika baba?" Rungu lilikuwa mkononi mwake. Watu wakaanza kusimama.

"Fungueni," Jeconia akasema. "Mkikuta meno ya chini yapo yote sita, nitupeni mimi kwenye hilo shimo."

Wakafungua, kwa mabishano mengi. Na Jeconia, yule wa kutazama ukuta, akaenda wa kwanza. Akapiga magoti kwenye udongo, akainama, akatazama. Alitazama kama anavyotazama saa, bila kupepesa, jasho likimtoka hadi kidevuni. Akasema, "Ni yeye. Ni Obiero."

Hakuna aliyemwamini. Jana neno lake lingetosha kijiji, leo lilihitaji shahidi. Mpaka Leonida alipokuja akaangalia, akaweka kiganja kwenye shavu la mumewe, akasema, "Ni yeye," ndipo watu walipoanza kulia, wao kwa wetu.

Mzee wao akateremshwa. Mama yake Johnstone, mwanamke mkongwe wa shanga, alimtazama mume wake, akatazama lile koti, akauliza jambo kwa Kinandi. Johnstone akalitafsiri: "Mama anauliza, mzee alilala wapi jana?"

"Kwa pikapu, Mama," Jeconia akasema. "Nililala kando yake. Nilimfunika koti kwa sababu usiku ni baridi."

Yule mama akanyoosha mkono, akashika wa Jeconia, na hakuuachilia. Johnstone akalaza rungu lake kwenye nyasi. Mama akasema tena, na kijana wake akatafsiri: kama huyu ni mtu wa kuomba, basi awaombee hawa wawili kabla hawajaachana.

Nikafikiri, haya, sasa tutashinda hapa mpaka jioni. Watu wakafumba macho. Mimi nilichungulia, kwa udaku tu, nikamwona Jeconia macho yake wazi kabisa, anawatazama maiti wawili mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Mungu, hawa ni watu wako, na leo nimewaona. Amina." Basi. Watu walibaki wamefumba, wanangoja mengine.

Obiero alizikwa Yala Jumapili. Jumapili iliyofuata, wazee wa kanisa walimvua Jeconia kila kitu. Asisome, asihubiri, asizike. Kanzu ikapewa mtu mwingine, ikawa inaburuzika chini. Watoto wa Huruma wakampa jina: Ni Yeye. Akipita, "Ni Yeye! Ni Yeye!" Hata wateja walimkimbia, wakisema mtu aliyeshindwa kujua maiti atajuaje saa.

Na nani aliipeleka hiyo habari sokoni? Mimi hapa, nyuma ya sukuma wiki zangu. Niliisimulia vizuri, na masikio, na askari wa Chavakali, watu wakashika mbavu. Ila katika hadithi yangu ya sokoni chumba kile kilikuwa na mtu mmoja tu.

Nilidhani atahama, aende Kisumu ambako hajulikani. Wapi! Jumapili saa tatu Jeconia yuko, benchi la mwisho karibu na mlango, upepo unampiga. Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, kwa sababu kumwona kuliniudhi, "Mwalimu, huoni haya?"

"Naona," akasema. "Naona haya sana. Lakini mimbari ndiyo wamechukua, Mama Nasike. Benchi bado ni yangu. Mungu aliniona nikidanganya na hajanifukuza, basi nitoke niende wapi? Nasukuru." Sikumcheka siku hiyo.

Wa kwanza kurudi mezani kwake alikuwa Johnstone. Alikuja kutoka Ziwa na saa ya marehemu baba yake, iliyosimama. Mafundi wengine walimwita, akawapita, akasema anamtaka yule mtu aliyelala na baba yake. Nilikuwa nanunua uzi kwa Mhindi, nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Tangu hapo Jeconia akaanza jambo ambalo sisi tuliliona ni wazimu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua meza yake, anapitia mlango wa chumba cha maiti. Akikuta watu wamekuja kuchukua mtu wao na wanaogopa, anawaambia, "Nipeni alama." Wanamwambia: kovu la goti, jino la dhahabu, kidole kilichopinda. Anaingia, anatazama kwa lile jicho lake, anatoka. "Njooni, ni yeye." Mara mbili alitoka akasema, "Ngojeni, si yeye," na mara zote mbili alikuwa sawa. Kidogo kidogo, lile jina la matusi watu wakalisema kwa sauti nyingine. "Umempitia Ni Yeye? Basi nenda kwa amani." Kanzu hakurudishiwa, na sikuwahi kumsikia akiiulizia.

Miaka mitano ikapita. Mwaka wa themanini na tisa mti ulimwangukia mume wangu, Walubengo, akikata mbao msitu wa Timboroa. Waliniletea habari nikiwa sokoni. Kesho yake nilisimama nje ya mlango ule ule, akina mama wa kanisa wamenizunguka, na miguu yangu ikakataa kama ya Leonida. Jeconia alikuwa pale.

"Mwalimu," nikasema, "kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto, kimepinda. Niangalizie wewe. Mimi siwezi."

Akaingia. Akatoka. "Nimemwona," akasema. Kisha akanishika kiwiko, akanisogelea, akasema polepole, "Lakini wewe pia uje. Uso ni mzima, usiogope. Safari hii usifumbe, Mama Nasike."

Safari hii! Miaka mitano nilijua nimeificha, nimeikalia kama kuku. "Ulijua?" nikamwuliza.

"Amina zilikuwa tatu," akasema.

Na hakuwahi kusema! Yala, Ziwa, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya watoto waliomzomea kwa mdomo wangu. Nililia, si kwa Walubengo peke yake. Nikawageukia wale akina mama, wale wale niliowachekesha sokoni, nikasema kwa sauti, "Sikieni. Siku ya Obiero tulikuwa watatu mle ndani. Mimi nilifumba kabla hata ya Mwalimu. Nilifurahi kufumba." Mmoja aliweka mkono mdomoni.

Basi nikaingia. Jeconia alikuwa kando yangu, hakuomba, alisimama tu. Mhudumu akavuta shuka. Walubengo wangu, vumbi la msumeno bado liko kwenye nyusi. Nikatazama mpaka machozi yakanizuia kuona, nikayafuta, nikatazama tena.

"Ni yeye," nikasema.